Taa badala ya moto? Tuisome kwanza bili ya nailoni

Mchoro wa bomba lile ulichorwa kwa chaki sakafuni mwa karakana. Hapakuwa na mwingine. Mwishoni mwa Machi 1974, katika kiwanda cha Nypro cha malighafi ya nailoni kilichokuwa Flixborough, mashariki mwa Uingereza, tangi la tano kati ya matangi sita yaliyopangwa kwa ngazi lilikutwa na ufa wa karibu mita 2. Mafundi wakaling'oa, wakaunganisha la nne na la sita kwa bomba la kupitishia lenye kipenyo cha inchi 20. Midomo ya matangi yenyewe ilikuwa ya inchi 28, lakini bomba la ukubwa huo halikuwapo. Na kwa kuwa tangi moja lilikaa chini kidogo ya jingine, bomba likapewa kona mbili, likaegemezwa juu ya vyuma vya jukwaa la ujenzi, na kazi ikaendelea kama kawaida.

Jumamosi ya Juni 1, saa 10 na dakika 53 jioni, bomba liliachia. Makumi ya tani za saikloheksani ya moto zikachomoka zikawa wingu, na wingu likakutana na cheche. Walikufa watu 28, kati yao 18 wakiwa ndani ya chumba cha kuongozea mitambo. Ingekuwa siku ya kazi, mamia ya wafanyakazi wangekuwa kiwandani.

Naanzia huko kwa makusudi. Kila ninaposoma habari za kuoksidisha hidrokaboni, yaani kuzitia oksijeni jamaa za petroli, kwa "nishati mbadala", iwe mwanga, maikrowevu, mawimbi ya sauti au umeme, swali langu huwa moja: je, hiki kinachosifiwa kingebadilisha nini ndani ya yale matangi sita? Mara nyingi jibu ni kidogo sana, na sababu yake inavutia kuliko tangazo lenyewe.

Tuielewe kwanza kazi iliyokuwa ikifanyika. Saikloheksani ni kimiminika kisicho na rangi chenye harufu ya jamaa za petroli: kaboni sita zimeshikana duara, kila moja na hidrojeni zake mbili. Ukiipulizia hewa ikiwa moto, oksijeni hujipenyeza kati ya kaboni na hidrojeni, ukapata mchanganyiko wa saikloheksanoli na saikloheksanoni. Hapo ndipo safari ya nailoni inapoanzia. Sisemi ile mifuko tuliyozoea kuiita ya nailoni. Ile ni poliethilini, na undugu wake na nailoni ni jina tulilompachika tu. Nailoni ya kweli iko kwenye nyavu na mishipi ya wavuvi, kwenye nywele za mswaki ulioutumia asubuhi, kwenye nyuzi zilizofichwa ndani ya tairi.

Kichocheo cha kawaida cha kazi hii, yaani kitu cha kuiharakisha, ni chumvi ya kobalti. Kobalti nyingi ya dunia, kwa miaka ya karibuni takribani asilimia 70, inachimbwa Kongo, pande za Kolwezi na Likasi, ambako mchimbaji na mnunuzi hupatana bei kwa Kiswahili. Na anayetaka kuiona kemia yenyewe kwa macho hana haja ya kiwanda. Aache wazi kopo la rangi ya mafuta usiku kucha. Asubuhi atakuta utando mzito juu, wa kuinuliwa kwa kijiti kama malai ya maziwa. Ule si ukavu wa nguo kambani. Ni mafuta yaliyomo yamevuta oksijeni ya hewa na kushikana, na aghalabu kilichoharakisha ni kobalti kidogo aliyoitia mtengenezaji wa rangi. Kopo linafanya hayo bila moto. Saikloheksani ni ngumu zaidi. Kuvunja kifungo kimoja cha kaboni na hidrojeni ndani yake kunadai zaidi ya kilojuli 400 kwa kila moli (kipimo cha wanakemia cha kuhesabia molekuli), na kiwandani huchochewa kwa nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi, chini ya shinikizo la angahewa 8 hadi 15.

Sasa kioja. Pamoja na joto na shinikizo lote hilo, katika kila lita 100 zinazopita zinazobadilika ni 4 hadi 8 tu. Na hilo linafanywa kwa kusudi. Aliyewahi kukaanga vitunguu vya pilau anaijua shida: vinavyotangulia kupata rangi ndivyo vinavyotangulia kuungua, na ukivisubiri vyeupe navyo vikolee, vile vya kwanza vimeshakuwa mkaa na pilau zima linakuwa chungu. Saikloheksanoli ikishazaliwa ni rahisi kushambuliwa na oksijeni kuliko saikloheksani iliyoizaa. Ukingojea zote ziive, zilizotangulia zitaishia kuwa asidi za ovyo na kaboni dioksaidi. Kwa hiyo mwenye kiwanda huepua mapema, huchambua vilivyoiva, vibichi akavirudisha jikoni. Flixborough walibadilisha kama asilimia 6 kwa mzunguko, 94 ikarudi. Ndiyo maana mle ndani mlikuwa na mzigo mkubwa namna ile siku bomba lilipoachia. Trevor Kletz, mhandisi wa ICI, kampuni ya kemikali ya Uingereza, aliyetumia miaka mingi kuandika juu ya usalama wa mitambo, alilishikilia jambo hili kuliko ile hadithi ya bomba: kitu usichokuwa nacho ndani ya kiwanda hakiwezi kuvuja.

Hapo ndipo watafiti wanapoingia na mbinu zao. Tangu 1986, vikundi viwili vilipochapisha majaribio ya kupika kemikali za kikaboni ndani ya maikrowevu za jikoni, makala hazijakatika. Lisbon, katika Instituto Superior Técnico, kikundi cha Armando Pombeiro kimejaribu vichocheo vingi vya metali juu ya saikloheksani na alkoholi, baadhi kwa maikrowevu. Kazi hizo ni nzuri na zina adabu ya kisayansi. Namtaja kwa heshima. Lakini msomaji wa makala za fani hii aangalie jambo moja kabla ya asilimia za mavuno: nani amechangia oksijeni? Mara nyingi si hewa. Ni peroksidi ya hidrojeni, au ile ndugu yake iitwayo tert-butili haidroperoksidi. Vitu hivi vimeshabeba nishati ndani yake, imelipiwa kiwandani kwingine, na vinauzwa kwa bei ambayo mtu wa nailoni akiisikia anakohoa. Kujisifu kwamba umetumia nishati ndogo huku kioksidishaji kimekuja kimeshajazwa ni kama kusifu gari lisilokula mafuta kumbe linavutwa na jingine.

Turudi kwenye bili. Nina hoja moja katika makala hii, nayo inatoka kwenye hesabu ya haraka haraka ambayo mtu anaweza kuifanya akisubiri daladala.

Uoksidishaji huu hauli joto. Unalitoa. Moli moja ya saikloheksani, yaani gramu 84, ikigeuka saikloheksanoli hutoa kama kilojuli 190. Ikienda mpaka saikloheksanoni na maji, karibu 400. Ukishaianza, kazi yako kubwa ni kuipoza. Basi nishati ya kiwanda inakwenda wapi? Inakwenda kuchambua vitunguu. Kwa kila moli iliyobadilika, karibu 16 hazijabadilika, na zote lazima zichemshwe ziwe mvuke, zipozwe, zikusanywe, zirudishwe. Ni mtambo wa gongo, tofauti ni kimo. Kuchemsha moli moja ya saikloheksani kunadai kama kilojuli 30. Zidisha: kilojuli 470 na ushei kwa kila moli unayopata. Kiwanda chenye akili hupunguza gharama hiyo kwa kutumia mvuke unaotoka kupashia kinachoingia, lakini uzito wa bili uko palepale.

Ona basi maana yake. Mtu akikuletea maikrowevu inayofanya kwa dakika 30 kilichofanyika kwa saa 6, na mavuno yakabaki asilimia 6, hajakuokolea chochote kwenye bili hiyo. Amefupisha sehemu ambayo haikuwa ghali. Lakini akikuletea njia ya kuvuka hadi asilimia 20 bila kuunguza, zinazorudi zinashuka kutoka karibu 16 hadi 4 kwa kila moja, na gharama ya kuchemsha inashuka hadi kilojuli 120. Hata akitumia kuni, huyo ndiye mwenye habari. Nishati mbadala ina thamani pale inapobadilisha njia ya mmenyuko. Inapobadilisha jiko tu, tunajadili majiko.

Kwa kipimo hicho, maikrowevu inaanguka mapema. Mawimbi yake ya gigahezi 2.45 hubeba kama juli 1 kwa moli ya fotoni, zile chembe za mwanga na mawimbi ya jamaa zake. Juli, si kilojuli. Kifungo kinachodaiwa kuvunjwa kinahitaji zaidi ya juli 400,000. Kwa hiyo maikrowevu haivunji kifungo cha mtu yeyote. Inatikisa molekuli zenye ncha za chaji, kama maji, zikapata joto. Saikloheksani haina ncha hizo. Mawimbi yanapita ndani yake kama jua kwenye kioo cha dirisha, ikabaki kama ilivyo.

Kwa miaka mingi watu walidai kuna athari maalumu ya maikrowevu, kitu zaidi ya joto. Kilichonishawishi mimi ni jaribio la Graz, Austria, lililochapishwa mwaka 2009 na Oliver Kappe na wenzake. Walitengeneza vichupa vya kabidi ya silikoni, kauri nyeusi ambayo huyameza mawimbi yote kwenye ukuta wake na kuwa ya moto, kilichomo ndani kikapata joto bila kuguswa na wimbi. Wakaweka mmenyuko uleule katika kichupa cha kioo na katika kichupa cheusi, kwa nyuzi zilezile za joto. Matokeo yakalingana. Yaani lililokuwa likisifiwa ni joto, tena mara nyingine joto lililopimwa vibaya, kwa sababu kipimo kilisoma ukuta wa nje wa kichupa wakati ndani palikuwa na moto zaidi. Linabaki jambo moja la haki: kichocheo kigumu, kama kaboni au oksidi ya metali, kinaweza kupata joto chenyewe kikiwa ndani ya kimiminika kilichopoa. Hiyo ni faida ya kweli, japo finyu, na sijaona ikifika tani.

Niseme na hili, kwa kuwa limenikera muda mrefu. Katika maabara moja niliyoizoea, mashine ya maikrowevu ya kupikia kemikali ililetwa kwa msaada, ikafanya kazi muhula mmoja, kisha vifuniko vyake maalumu vikaisha. Leo imefunikwa kitambaa cha meza, juu yake pamewekwa kabati la faili. Mwanafunzi aliyetaka kufanya jaribio lilelile kwa bafu la mafuta kwenye jiko la umeme aliambiwa mada yake haina upya.

Mawimbi ya sauti hayanichukui muda. Ukipigisha kimiminika kwa kilohezi 20, viputo huzaliwa na kusinyaa ghafla, na katikati ya kiputo kinachokufa joto hupanda hadi maelfu ya nyuzi. Inasisimua. Ila kimiminika chepesi kuvukiza kama saikloheksani hujaza kiputo mvuke wake, mvuke ukawa godoro, pigo likapoa. Ni zana nzuri ya kusafishia na kuchanganyia. Tuiache hapo.

Mwanga ni habari nyingine, na hapa ndipo napenda kukaa.

Fotoni ya urujuanimno ya nanomita 365 hubeba kilojuli 328 kwa moli. Haitoshi kuvunja kifungo cha saikloheksani peke yake, lakini inatosha kumwamsha kichocheo, kikanyang'anya hidrojeni kutoka kwa molekuli iliyo jirani. Tangu Fujishima na Honda waonyeshe mwaka 1972 kwamba oksidi ya titani ikimulikwa inaweza kupasua maji, njia ilifunguka, na leo titani ile, chumvi za tungsteni na nyingine huoksidisha saikloheksani kwenye joto la kawaida la chumba, kwa oksijeni ya hewa, bila peroksidi. Hiki ni kitu ambacho jiko haliwezi.

Lakini bili? Chukulia hali bora kabisa, fotoni moja kwa molekuli moja, hakuna inayopotea. Taa nzuri za LED hugeuza kama nusu ya umeme kuwa mwanga. Kilojuli 328 zinakuwa kama 650 za umeme kwa kila moli. Tani moja ya mchanganyiko ule wa saikloheksanoli na saikloheksanoni ni kama moli 10,000, basi ni kilowati-saa 1,800 hivi kwa tani. Linganisha na zile kilojuli 470 za mvuke, mvuke ambao kwa kawaida ni rahisi kuliko umeme. Na hali bora kabisa haipatikani. Ikiwa fotoni moja tu kati ya kumi ndiyo inayofanya kazi, na hilo si tusi kwa kichocheo chochote, ni kilowati-saa 18,000 kwa tani.

Mtetezi wa mwanga atanijibu kwamba fotoni moja inaweza kuwasha mnyororo: molekuli moja iliyonyang'anywa hidrojeni inamnyang'anya jirani, jirani naye anafanya hivyo, fotoni moja ikazaa mazao mengi. Ni kweli. Ila mnyororo huo ndio uleule wa kobalti kwa nyuzi 155. Ukiukaribisha umerudi jikoni, vitunguu vya kwanza vikaanza kuungua, mavuno yakarudi kwenye asilimia chache. Mwanga unaoanzisha mnyororo ni kiberiti. Mwanga unaochagua kila molekuli kwa fotoni yake ndio wenye jambo jipya, na huo ndio ghali. Sijaona makala nyingi zinazolikabili hili kwa uwazi.

Basi tutumie jua, atasema mwingine, hasa sisi tunaoishi chini yake. Nimejaribu hesabu hiyo pia. Saa sita mchana jua letu hutupa kama wati 1,000 kwa mita mraba, na sehemu ya urujuanimno ni kama asilimia 5, wati 50. Kwa saa 6 nzuri za siku unapata kama moli 3.3 za fotoni kwa mita mraba, sawa na gramu 330 za mazao ikiwa hakuna fotoni inayopotea. Kiwanda cha Flixborough, kilipopanuliwa, kilikusudiwa kitoe tani 70,000 kwa mwaka za kaprolaktamu, malighafi inayogeuzwa nailoni. Kukilisha kwa jua kungedai zaidi ya hekta 50 za mirija ya kioo, bila siku ya mawingu hata moja. Kwa fotoni moja kati ya kumi, hekta 500. Mirija hiyo ni myembamba, imejaa kimiminika kinachowaka, inaoshwa vumbi kila wiki. Kichocheo kinachokula mwanga unaoonekana kingepunguza eneo hilo sana, na ndiyo maana nadhani kazi ya kutafuta rangi na vichocheo vya mwanga wa buluu na kijani ina thamani kuliko kichocheo cha mia moja cha urujuanimno.

Tukitumia taa, umeme nao una asili yake. Kiwanda kile kingetaka kama megawati 13 mfululizo katika hali bora, 130 katika hali ya moja kati ya kumi. Mtambo wa KivuWatt, pale Karongi kwenye Ziwa Kivu, unatoa megawati 26 kwa kuchoma methani inayovutwa kutoka vilindini. Hebu ipange picha hiyo: unaoksidisha hidrokaboni moja kwa moto, ukapata umeme ukiwa umeshapoteza nishati yake nyingi, ukawasha taa zinazopoteza nusu nyingine, ili uoksidishe hidrokaboni ya pili bila moto. Atakayekiita kiwanda hicho cha kijani anaangalia upande wa taa tu. Kwenye umeme wa maji au wa mvuke wa ardhini hoja yangu inalegea, ingawa pale Olkaria napo mtu angeuliza kwa nini mvuke wa bure ugeuzwe umeme, umeme ugeuzwe mwanga, wakati kilichokuwa kikitakiwa ni kuchemsha.

Nisieleweke kwamba mwanga na umeme havina nafasi viwandani. Nafasi wameshaipata, tena katika nailoni hiihii, miaka ya 1960. Toray wa Japani waliichukua saikloheksani, wakaichanganya na kloridi ya nitrosili, wakazamisha taa ndani ya mchanganyiko. Si uoksidishaji wa hewa, lakini kifungo kinachoshambuliwa ni kilekile cha kaboni na hidrojeni. Mwanga ukaipeleka saikloheksani moja kwa moja hadi oksimu, hatua moja kabla ya kaprolaktamu, ukaruka saikloheksanoli, saikloheksanoni na hatua ya kutengeneza haidroksilamini. Walilipa bili ya umeme wakafuta bili nyingine tatu. Na mwaka 1965, Marekani, Monsanto walianza kutengeneza adiponitrili, mzazi wa nailoni ya 6,6, aina nyingine ya nailoni, kwa kupitisha umeme kwenye akrilonitrili, njia iliyotokana na kazi ya Manuel Baizer. Nao vilevile: elektrodi iliunganisha molekuli mbili kwa tendo moja. Katika visa vyote viwili hakuna aliyeuliza jinsi ya kupasha joto kwa namna mpya. Waliuliza ni hatua zipi zinaweza kufa.

Kuna hoja moja ya nishati mbadala ambayo hesabu zangu za bili haziifikii, nayo ni usalama. Saikloheksani huchemka kwa nyuzi 81. Flixborough ilikuwa kwenye 155, imeshikiliwa kuwa kimiminika na shinikizo peke yake. Bomba lilipofunguka, sehemu kubwa iligeuka mvuke papo hapo. Ile ya joto la chumba ikivuja inakuwa dimbwi. Dimbwi unaweza kulikimbia. Kwa hoja hiyo pekee ningekubali kulipa umeme zaidi kidogo. Ila dimbwi hilo hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, na mvuke huo katika hewa kati ya asilimia 1.3 na 8 hivi hulipuka. Kichupa cha mililita 20 chenye oksijeni juu yake mbele ya taa ni jaribio. Pipa la namna hiyo ni bomu. Mwanga wenyewe unakataa pipa: ndani ya uji wa kichocheo hauendi mbali, milimita kadhaa umekwisha. Kwa hiyo njia inayobaki ni mirija myembamba, kimiminika kikipita kidogo kidogo, taa ubavuni. Mirija hiyo ina kheri mbili kwa pamoja, kwani mwanga unafika na mzigo unaokaa ndani ni mdogo, na Kletz angeikubali. Fedha za utafiti zingekuwa zangu ningeziweka hapo, kwenye mirija na vichocheo vya mwanga unaoonekana, na maikrowevu ningeiachia chai.

Washindani wa kweli, hata hivyo, hawako kwenye taa. Wako kwa waliokwepa uoksidishaji wa saikloheksani kabisa. Asahi Kasei wa Japani, mwaka 1990, walianza kuichukua benzini, wakaiongezea hidrojeni nusu njia tu kwa kichocheo cha rutheniamu wapate saikloheksini, kisha wakaitia maji ikawa saikloheksanoli. Hakuna oksijeni, hakuna kuungua. Njia ya fenoli nayo ni ya zamani na huifikia saikloheksanoni kwa hidrojeni. Flixborough ilipojengwa upya baada ya mlipuko, ilirudi kwenye fenoli. Ilifungwa mwaka 1981, soko likiwa baya.

Kwa mwanafunzi wa kemia wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura anayetafuta mada, nina ombi dogo. Namba inayokosekana mara nyingi kwenye makala za fani hii, molekuli ngapi zimepatikana kwa kila fotoni, haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji feriokzalati ya potasiamu, fuwele za kijani kama kioo cha chupa ya bia, ambazo unazitengeneza mwenyewe kwa chumvi ya chuma na okzalati. Unaziyeyusha kwenye asidi ndani ya chumba chenye taa nyekundu tu, unaweka myeyusho mahali hasa ambapo kichupa chako cha jaribio kingekaa, unawasha taa kwa sekunde ulizohesabu. Kila fotoni iliyofyonzwa inageuza chuma kwa kiwango kinachojulikana vizuri tangu miaka ya 1950. Kisha unadondoshea fenantrolini, unakaa gizani kidogo ukingoje, na rangi ya machungwa iliyoiva inapanda kwenye kichupa. Ipime kwa kipimarangi chochote kinachofanya kazi. Rangi hiyo inakupa idadi ya fotoni. Gawanya mavuno yako kwa idadi hiyo, na uichapishe namba unayopata hata ikiwa ndogo.